Siri au faili? Shoga, chagua moja!

Hapa Dar es Salaam kuna maneno mawili yanayoweza kumfanya baba mzima, na kitambi chake, arudi nyumbani mapema huku mshahara haujapungua hata senti. Maneno yenyewe ni haya: "Nakupeleka Ustawi!" Mama akishayatamka hayo, hata majirani wanapunguza sauti ya redio wasikie vizuri.

Na kuna maneno mengine mawili, ya upole zaidi, yanayosemwa kwa sauti ya chini: "Ushauri nasaha." Hayo hayamtishi mtu. Ukiambiwa nenda huko, unajua kuna kiti, kuna mtu atakayekusikiliza bila kukukatisha, na mlango utafungwa.

Watu wengi wanadhani vitu hivyo viwili ni pacha. Eti ni kazi ya kusikiliza matatizo ya watu tu, unatikisa kichwa, unasema "pole sana", mwisho wa mwezi unachukua mshiko wako. Mpenzi msomaji, si hivyo hata kidogo! Na wiki hii nimeamua kulivalia njuga jambo hili, kwa sababu kuna mtu alikuwa karibu kuingia mkenge na pesa za mama yake.

Mtu mwenyewe ni shoga yangu, jina lake nalihifadhi. Ana digrii ya sosholojia, na huu ni mwaka wa tano anafanya kazi na watoto wanaolala mitaani. Amedunduliza kidogo kidogo, akacheza upatu na wenzake kazini, na mama yake huko kijijini akauza mahindi ya msimu mzima akamwongezea. Hatimaye zikatimia pesa za kusomea shahada ya uzamili, yaani masta. Masta moja! Hakuna ya pili, na hakuna ya kujaribia.

Sasa mbele yake kuna maombi mawili. Moja ni la masta ya ustawi wa jamii. Jingine ni la masta ya saikolojia ya ushauri, ile ya kuwa mnasihi, au kaunsela kama wengine wanavyopenda kuita. Mwisho wa kutuma ni mwisho wa mwezi huu.

Kila mtu ana lake la kusema. Mama yake anasema, "Mwanangu, soma Ustawi, kazi ya serikali ina pensheni." Kaka yake, mfanyabiashara wa Kariakoo, anasema, "Soma ukaunsela ufungue ofisi yako, mjini hapa watu wana stresi mpaka kwenye kucha." Mchumba wake ndiyo kichekesho kabisa, anasema vyote sawa tu, si kazi ya kulipwa kusikiliza umbea!

Nami nikamuuliza, "Kwani wewe mwenyewe unataka nini?"

Akajibu, "Nataka kusaidia watu."

"Shoga, hata konda wa daladala anasaidia watu," nikamwambia. "Sema vingine."

Akanyamaza. Ndipo akanigeuzia kibao: "Wewe si mwandishi? Basi zunguka uniulizie."

Msinicheke. Najua mwenzenu niliishia kidato cha nne, na leo nawapangia wenye digrii. Lakini miguu ya kuzungukia mji ninayo, na mdomo wa kuulizia ninao. Nikazunguka.

Kwanza tuelewane tofauti, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Chukua mfano wa binti wa miaka 14 anayesinzia darasani kila siku, alama zimeporomoka, hataki kucheza na wenzake.

Akipelekwa kwa mnasihi, mnasihi atakaa naye. Atamsikiliza leo, wiki ijayo, na wiki ya tatu. Atataka kujua binti anajionaje, anaogopa nini, kitu gani kinamkosesha usingizi. Kazi yote inafanyika ndani ya chumba kimoja, na chombo cha kazi ni mazungumzo.

Akipelekwa kwa afisa ustawi, afisa atamsikiliza pia, lakini baada ya hapo anachukua begi lake anakwenda nyumbani kwa kina binti. Anaangalia chumba wanalala wangapi. Nani anapika, nani analipa kodi ya nyumba, na yule anayeitwa mjomba ni mjomba kweli au wa kupachika. Anamwona mwalimu, anamwona bibi, anamwona mjumbe. Kisha anaandika. Na alichoandika kinaweza kufika mbele ya hakimu.

Umeona hapo? Wa kwanza anashika siri, wa pili anashika faili. Wa kwanza anamwangalia mtu na moyo wake, wa pili anamwangalia mtu pamoja na nyumba yake, mfuko wake, ndugu zake na serikali ya mtaa wake.

Sasa tuulize walikotoka, maana ukitaka kuoa au kuolewa, chunguza ukoo kwanza!

Huko Marekani mwaka 1889, kina mama wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walihamia kwenye nyumba moja katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini mjini Chicago. Nyumba hiyo ikaitwa Hull House. Hawakukaa ofisini kungojea watu waje, walikwenda kuishi nao. Waliona watoto wanafanya kazi viwandani, waliona taka zimezagaa mitaani, wakapigania mambo hayo yabadilike. Mwaka 1931 Jane Addams akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Huo ndio ukoo wa ustawi wa jamii. Ni watu wa kutoka nje, kugonga milango na kugombana na wakubwa.

Ukoo wa ushauri ulianzia mji mwingine, Boston. Mwaka 1908 bwana mmoja, Frank Parsons, alisaidia kuanzisha ofisi ya kuwaelekeza vijana kuchagua kazi. Alifariki mwaka huohuo, na kitabu chake cha namna ya kuchagua kazi kikatoka mwaka 1909. Yaani ushauri wa kitaalamu ulianza na swali lilelile linalomnyima shoga yangu usingizi: nifanye kazi gani? Hoja ya Parsons ilikuwa rahisi. Jijue wewe mwenyewe kwanza, halafu ijue kazi, kisha linganisha hayo mawili kwa akili timamu. Weka maneno hayo mfukoni, tutayahitaji mbele.

Halafu kuna jambo nililolipenda. Mtu aliyeutangaza sana ushauri wa kusikiliza bila kuhukumu ni mwanasaikolojia Carl Rogers, ambaye kitabu chake kikubwa cha ushauri kilitoka mwaka 1942. Rogers alianza kazi kwa watoto wenye matatizo, na miongoni mwa watu waliomfungua macho alikuwa Jessie Taft, mtaalamu wa ustawi wa jamii. Kumbe hawa ni mtu na binamu yake!

Na hapa kwetu undugu huo ni wazi zaidi. Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, ambacho daladala zote zinakijua, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Miaka kumi baadaye, 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi wakagundulika Kagera. Mnaokumbuka mnajua hofu ilivyokuwa. Mgonjwa anatengewa sahani, anatengewa kikombe, na ndugu wanasema karogwa.

Mwaka 1989 hapa Dar es Salaam likaanzishwa shirika la WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Mwanzilishi wake ni Theresa Kaijage, naye ni mtaalamu wa ustawi wa jamii. Hebu fikiria, mtu wa faili ndiye aliyekwenda kukaa na wagonjwa na familia zao, akawasikiliza wakati wengine wanakimbia. Baadaye, mwaka 2001, vikaja vituo vya Angaza vya AMREF, na neno "ushauri nasaha" likaingia midomoni mwa kila mtu. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe Mama Salma wakapima hadharani pale Mnazi Mmoja. Mwaka 2008 sheria ya Ukimwi ikatamka kwamba anayepimwa apewe ushauri kabla na baada.

Kwa hiyo anayekuambia hizi kazi hazina uhusiano, anakudanganya. Na anayekuambia ni kitu kimoja, naye anakudanganya vilevile.

Turudi kwenye mzunguko wangu. Nilianza na ofisi moja ya ustawi, sitaitaja. Benchi la nje lilikuwa limejaa. Mama na mtoto mgongoni, baba amenuna kaangalia pembeni, bibi na wajukuu watatu. Ndani nikamkuta mama mmoja wa makamo, miwani puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mume au na mtoto?"

Nikacheka, nikamwambia nimekuja na maswali. Akaniambia nikae, lakini mteja akiingia nitoke.

Aliniambia kitu ambacho vijana wengi hawakijui. Afisa ustawi ana nguvu ya sheria nyuma yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na afisa ustawi anatajwa humo kila mahali, kwenye matunzo, kwenye malezi, kwenye mahakama ya watoto, kwenye kumtoa mtoto mahali pa hatari. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2011. Na kwenye ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upitie baraza la usuluhishi kabla ya kwenda kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu. Ndiyo maana wanandoa hawaishi kwenye milango hii.

"Lakini nguvu hiyo inauma, mwanangu," akasema. "Ukiandika mtoto akae kwa baba, mama anakulaani. Ukiandika akae kwa mama, baba anasema umekula rushwa. Na nauli ya kwenda kuangalia hiyo nyumba, siku nyingine naitoa kwenye pochi yangu."

Nikamuuliza, "Mama, unaendelea kwa nini?"

Akavua miwani. "Kwa sababu nikishaandika, kuna mtoto analala mahali pengine usiku huo. Kuongea peke yake hakuhamishi kitanda."

Maneno hayo nilitoka nayo mpaka kituoni.

Siku ya pili nikaenda kwa kaka mmoja ambaye ni mnasihi. Yeye ofisi yake haina benchi lililojaa. Ina viti viwili, boksi la tishu, na saa ya ukutani ambayo mteja haioni lakini yeye anaiona.

Nikamwambia, "Kaka, nimekuja kujua namna mnavyowapa watu ushauri."

Akatabasamu. "Dada, hapo ndipo mnapokosea. Kutoa ushauri ni kazi ya shangazi. Mimi kazi yangu ni kumsaidia mtu asikie anachosema yeye mwenyewe. Mteja akitoka hapa anasema 'asante kwa kunipa jibu', naanza kujiuliza."

Aliniambia mafunzo yake yalimchosha kuliko alivyotegemea, maana kabla ya kusikiliza ya wengine walimlazimisha ayasikilize ya kwake. Mpaka leo naye ana mkubwa wake wa kazi anayekwenda kukaa mbele yake kila baada ya muda, ili mizigo ya wateja isimwangushe. Na pesa je? Akacheka kicheko kile cha mtu wa Dar mwenye mwenye nyumba. Watu wengi bado wanaona kulipia mazungumzo ni anasa. Watalipia nywele, watalipia simu, lakini kulipia kusikilizwa, aah, wanaona bora waende kwa rafiki au kwa mchungaji. Kwa hiyo unahitaji uvumilivu, au uajiriwe hospitalini, shuleni au kwenye shirika.

"Na siri?" nikamuuliza.

"Siri ndiyo mtaji wangu," akasema. "Lakini ina mpaka. Mtu akitaka kujiua, au mtoto anaumizwa, sikai kimya."

Hapo msomaji wangu zingatia, maana kuna wanaodhani kaunsela ni kaburi. Si kweli. Sheria ya Mtoto inamtaka mtu yeyote anayejua mtoto anatendewa vibaya atoe taarifa, awe kaunsela, muuza genge au mimi. Hata namba ya bure ya simu ya watoto, 116, inakutanisha fani hizi mbili. Mtoto anasikilizwa kwanza, na jambo likiwa zito linapelekwa kwa watu wa ustawi.

Sasa tuje kwenye mambo ya shule na mshiko, maana upendo wa kusaidia watu hauliwi na ugali.

Moja. Kama shabaha yako ni ajira ya halmashauri, soma matangazo ya kazi kabla hujalipa ada. Nafasi ya kuingilia inaitwa Afisa Ustawi wa Jamii Daraja la II, na haidai masta. Masta inakusaidia kupanda, kufundisha, au kuingia kwenye mashirika na kuendesha miradi mikubwa. Usitumie mahindi ya mama kununua ufunguo wa mlango ambao tayari uko wazi!

Mbili. Angalia kama unaweza kusoma huku unafanya kazi. Chuo Kikuu Huria kina masta ya ustawi wa jamii, na wengi wanaosoma pale hawaachi kazi zao.

Tatu. Kwa ushauri, Watanzania wengine wanavuka kwenda Nairobi, ambako Daystar na USIU wanafundisha masta ya saikolojia ya ushauri. Kwa majirani fani hii imechangamka zaidi, na sababu mojawapo inaumiza. Bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998 liliua zaidi ya watu 200 pale Nairobi, na hapa kwetu siku hiyohiyo likaua 11. Baada ya vilio vile, watu wa kusikiliza majeraha ya moyo walitafutwa kama maji ya kiangazi. Mwaka 2014 Wakenya wakatunga sheria ya kusajili wanasihi na wanasaikolojia. Ukisoma nje, ukirudi cheti chako kitapaswa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda basi.

Nne, na hii ni kubwa. Uliza chuo swali moja: fildi ni ya muda gani, na nani atanisimamia? Fani hizi hazisomwi kwenye makaratasi tu. Chuo kinachokupa shahada ya kusikiliza watu bila kukukalisha na mtu hata mmoja, hicho ni kiwanda cha vyeti.

Kwa wale wenye ndoto za mamtoni, nanyi sijawasahau. Huko Marekani swali hili ni kubwa kwelikweli, maana kila njia ina leseni yake na kila jimbo lina masharti yake. Masta ya ustawi wa jamii kwa kawaida ni miaka miwili, na mwanafunzi anatakiwa kufanya fildi isiyopungua saa 900. Ukiwa na digrii ya kwanza ya ustawi wa jamii kutoka chuo wanachokitambua, vyuo vingi vinakupunguzia, unaweza kumaliza kwa mwaka mmoja hivi. Masta ya ushauri kwenye vyuo vilivyoidhinishwa na chombo chao cha CACREP ina krediti 60, na saa 700 za vitendo, yaani 100 za kuanzia na 600 za kukomaa. Ukimaliza hapo bado hujawa huru. Unafanya kazi chini ya usimamizi na kufanya mitihani kabla ya kupewa leseni kamili.

Tofauti ya huko ni kwamba mtu wa ustawi wa jamii anaweza kufanya kazi ya hospitali, ya kulinda watoto, ya kuendesha mashirika, na akipata leseni ya tiba anaweza pia kukaa kwenye kiti cha kusikiliza. Mtu wa ushauri njia yake ni nyembamba zaidi, lakini tangu siku ya kwanza darasani anachimba kitu kimoja. Kwa miaka mingi Medicare, bima ya serikali kwa wazee wa huko, ilikuwa inawalipa watu wa ustawi wa jamii na kuwaacha wanasihi pembeni. Mambo yalibadilika tarehe 1 Januari 2024, wanasihi wenye leseni nao wakaanza kulipwa. Kwa hiyo ukipewa ushauri na ndugu aliyesoma huko zamani, mwulize amesoma mwaka gani!

Nilipomaliza mzunguko nikakaa na shoga yangu, sahani ya chipsi katikati. Nikamwaga yote niliyokusanya. Akasikiliza, kisha akasema, "Umenichanganya zaidi."

Nikakumbuka yale maneno ya Parsons, jijue kwanza. Nikamwambia, "Basi niambie kesi moja iliyokukaa kichwani kuliko zote."

Hakufikiri hata sekunde. Kulikuwa na binti mmoja, mtaa wake hautajwi, aliyemwamini akamweleza mambo aliyokuwa akifanyiwa nyumbani alikokuwa anaishi. Akamwomba, "Dada, usimwambie mtu." Shoga yangu akamweleza palepale kwamba hilo hawezi kulinyamazia. Akatoa taarifa. Afisa ustawi akaingia, polisi wakaingia, binti akahamishwa. Leo hii yuko salama na anasoma. Lakini kwa mwaka mzima akikutana na shoga yangu anageuza uso, hamsalimii.

"Pole," nikasema. "Sasa nijibu kwa ukweli. Zile siku za mwanzo, usiku ulipokuwa hulali, ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nawaza kalala wapi," akajibu. "Huko alikopelekwa wana chandarua? Shule mpya watampokea katikati ya muhula? Sare nani atanunua? Nauli nani atatoa? Nilikuwa nampigia yule afisa mpaka akachoka na mimi."

"Na kwamba amekununia?"

"Iliniuma. Inaniuma hata leo. Lakini nilisema bora aninunie akiwa salama."

Nikasukuma sahani pembeni. Nikamwambia, shoga, hapo umeshajibu mtihani wote. Mtu mwenye moyo wa mnasihi angekosa usingizi kwa ule uso uliogeuzwa. Angejiuliza usiku na mchana ndani ya yule mtoto kumebaki nini, na nani atakaa naye mpaka aweze tena kumwamini mtu. Na huyo naye anahitajika sana, maana kitanda kipya hakiponyi kidonda cha zamani. Wewe ulikuwa unahesabu chandarua, sare na nauli. Wewe ni mtu wa faili.

Akacheka, halafu macho yakamlenga machozi, halafu akamalizia chipsi zangu.

Jioni ile alituma ombi la ustawi wa jamii. Ila hakutuma kwa sababu ya pensheni aliyoahidi mama. Ameamua asome bila kuacha kazi, ili zile pesa za mahindi zisiishe kwenye kodi ya chumba. Na amesema akimaliza ataomba mafunzo mafupi ya unasihi, ili siku nyingine akikutana na binti kama yule, ajue namna ya kukaa naye baada ya faili kufungwa.

Kwako wewe unayesoma huku unang'ata kucha na maombi mawili mkononi, usiniulize ipi inalipa. Usiulize ipi ina jina zuri la kuandika kwenye kadi ya harusi. Kumbuka mtu mmoja uliyewahi kumsaidia kwa kweli, halafu jiulize ulipofika nyumbani ulikuwa unawaza moyo wake au unawaza paa lake. Jibu likija, lilipie ada.

Na nyie kina baba wenye vitambi, rudini nyumbani mapema. Benchi la Ustawi ni gumu, nimelikalia.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.